Pangani kwa Baiskeli: Niliyofunzwa na Upepo na Wachuuzi wa Samaki

Siku ya kwanza kwenda Pangani kwa baiskeli nilipitwa na harufu ya pweza. Ilitangulia harufu, ikafuata sauti ya cheni kavu ikilia kriki, kriki, kisha akatokea mzee wa makamo, kikoi kimekunjwa mpaka magotini, kandambili miguuni, tenga tupu limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. "Asalaam aleikum, dada. Pole na upepo wa kusi," akasema, wala hakungoja niitikie. Aliinama juu ya usukani wa Phoenix yake kama mtu anayesoma maandishi kwenye tairi la mbele, akaniacha na vumbi lake.

Mimi nilikuwa juu ya baiskeli ya resi. Usukani wa pembe za kondoo, gia kumi na mbili, tairi nyembamba kama kidole gumba. Nilikuwa nimeinunua mtumba wiki tatu kabla, na kila jioni nilikuwa naipanda mpaka Raskazone na kurudi, nikijiona. Hapa Tanga baiskeli si kioja, wala mwanamke juu yake si kioja. Mji wenyewe ni tambarare kama meza, na ukisimama Ngamiani kwenye hizo barabara zetu za namba saa moja asubuhi utawaona akina mama wa mabaibui, mtoto nyuma, kikapu mbele, kengele juu. Lakini baiskeli yangu ilikuwa na gia, na mwenye gia hujihesabu mtu mwingine.

Hesabu niliyoifanya ilikuwa hii. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50. Mjini naenda kilomita 15 kwa saa bila kutoka jasho. Kwa hiyo nikiondoka saa tatu asubuhi, baada ya chai na vitumbua, saa sita na nusu nimeketi Pangani nakula wali wa nazi na kuutazama mto. Ilikuwa Julai 2017, barabara bado ya changarawe. Saa saba mchana nilikuwa Kigombe, nusu ya njia na kidogo, nimekaa chini ya mwembe na mapaja yanatetemeka yenyewe kama ya mbuzi aliyefungwa kwenye paa la basi.

Chini ya mwembe uleule alikuwapo yule mzee wa pweza. Ameshaoga, ameshakula, amekaa kwenye mkeka anashona tenga.

"Uliondoka saa ngapi mjini?" akaniuliza.

"Saa tatu."

Alicheka mpaka akaiweka sindano chini. "Saa tatu! Mwanangu we, saa tatu ndiyo jua linamwamsha kusi. Mimi nimetoka hapa saa tisa za usiku, nimeuza, nimekunywa chai, nimerudi. Wewe umekuja kupigana naye akiwa ameshashiba."

Siku ile sikufika Pangani. Nilirudi Tanga, na kurudi huko ndiko kulikonishangaza zaidi ya kwenda. Njia ile iliyonichukua saa nne niliimaliza kwa saa moja na nusu, hata kanyagio sikuzisukuma sana. Upepo uliniweka mkono mgongoni ukanipeleka nyumbani kama mtoto mtoro. Wiki iliyofuata nikarudi Kigombe kwa basi, bila baiskeli, na kilo moja ya sukari mkononi. Nilikwenda kumuuliza mzee mambo ya upepo.

*

Yeye hana neno "kilomita". Ukimuuliza Kigombe na Tanga kuna umbali gani, atakuuliza kwanza mwezi gani na saa ngapi. Nilidhani ananitania. Baadaye nikaona hilo ndilo jibu la kweli pekee nililowahi kupewa kuhusu barabara ile.

Barabara ya Pangani inashuka kusini sambamba na bahari; ukienda, bahari iko kushoto kwako, mara iko karibu unaisikia, mara imejificha nyuma ya minazi. Kusi anavuma kutoka upande wa kusini, tangu masika yanapoingia Aprili hivi, anakuwa mkali Juni na Julai, mpaka Septemba. Kwa hiyo miezi hiyo ukienda Pangani unakwenda kumpiga busu usoni. Kaskazi anaanza kujitokeza Novemba, anatawala Desemba hadi Machi, naye anakusukuma kwenda Pangani na kukungoja wakati wa kurudi. Mabaharia wa pwani hii walisafirisha majahazi kwa pepo hizi mbili karne na karne, na mimi mzaliwa wa Ngamiani, niliyesoma kaskazi na kusi darasa la nne, sikuwahi kufikiri kwamba zinahusu baiskeli.

Halafu kuna saa. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, na upepo mwepesi unatoka bara kwenda majini. Wavuvi wanauita umande, na ndio unaowatoa na ngalawa zao alfajiri. Wakati huo hata kusi analala nusu. Jua likipanda nchi kavu inapata moto, hewa inavutwa kutoka baharini, na kuanzia saa nne hivi upepo wa baharini unaungana na kusi wanakuwa ndugu. Ukiwa njiani saa hizo, kila kilomita moja inageuka mbili.

Mzee alinipa kanuni moja, na mpaka leo naifuata: toka nyumbani ukiwa unaelekea upepo unakotoka. Kusi akitawala, nenda Pangani. Utapata taabu asubuhi ukiwa na nguvu, urudi ukibebwa. Kaskazi akitawala, usiende Pangani hata kidogo. Nenda upande wa Horohoro. Ile lami ya kwenda mpakani na Kenya, kama kilomita 65, inakupitisha Amboni na mto Zigi, kisha Duga Maforoni, nayo inaelekea kaskazini moja kwa moja. Ukichoka unageuza tu, unarudishwa. Na ukiwa mbishi, unataka Pangani hiyohiyo mwezi wa Januari, basi panda kwenda, na kurudi muombe kondakta akupakilie baiskeli juu ya basi. Si aibu. Aibu ni ile niliyoipata mimi Januari 2018, nilipojaribu kurudi na kaskazi usoni, nikaingia Tanga saa nne usiku nikisukuma kwa miguu, mama yangu amekaa kibarazani na tasbihi.

*

Jambo la pili lilikuwa tairi, na hili liliniuma mfukoni.

Wiki moja baada ya kusoma somo la upepo niliondoka saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na taa ya kichwani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipopita njia ya kuingilia Tongoni. Nikasikia pssss, ile sauti ya mtu anayekukatisha maneno. Nikashuka nikazungusha gurudumu. Mbigili. Kwa asiyeijua: ni majani yanayotambaa ardhini pembeni mwa njia, yana kijiua cha manjano cha kupendeza, na kijitunda chake kikikauka kinatoa miiba migumu ambayo hata kianguke vipi, mmoja lazima utazame juu. Nilikuwa nimetoka pembeni kupisha lori. Nilihesabu tisa kwenye tairi la nyuma peke yake.

Nilikuwa na viraka na solusheni, na pampu ndogo. Pampu ikagoma. Nikasukuma baiskeli mpaka kijiji cha mbele, kwa fundi aliyekuwa na benchi, karai la maji, nyundo na pampu ya mguu ya kuogofya. Alitoa tyubu, akalitafuta kila tundu kwa kidole, akaweka alama kwa kijiti cha mkaa, akakwaruza kwa msasa, akapaka solusheni, akaipulizia kama anayepoza chai, akabandika. Kazi safi. Viraka tisa. Kisha akaleta pampu yake kwenye valvu yangu, akasimama.

"Hii valvu ya wapi?"

Valvu ya baiskeli ya resi ni nyembamba, ina kiskrubu juu. Pampu yake ilikuwa ya valvu za Phoenix, na ile nyingine aliyokuwa nayo ni ya pikipiki. Hakuna iliyoingia. Tulijaribu kufunga uzi, tulijaribu kipande cha mpira, tulijaribu dua. Tyubu nzima yenye viraka tisa vilivyobandikwa kwa ustadi, na hakuna pumzi ya kuitia.

"Basi nibadilishie tairi zima na tyubu yake," nikasema. Baiskeli yangu ilikuwa imeandikwa 28 ubavuni. Yeye alikuwa na tairi za Phoenix, nazo ni 28. Alilivisha, likakaa kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna 28 na 28. Ringi ya resi ina kipenyo cha milimita 622, ile ya Phoenix milimita 635, na zote zinauzwa kwa jina moja. Milimita 13 tu, unene wa kidole, na zilinipandisha kwenye lori la makuti kurudi nyumbani.

Aliyeniuzia baiskeli alikuwa amenihakikishia kwamba spea zake "zinapatikana kila mahali". Zinapatikana, sijui, huko Ulaya.

Niliiuza baiskeli ile kwa kijana wa chuo anayeishia Raskazone, nikanunua ya milima, mtumba vilevile, ringi 26, fremu ya chuma. Nikaiondoa tairi za meno nikaiwekea laini. Valvu zake ni kama za pikipiki. Faida ya hilo huwezi kuijua mpaka upate pancha kijijini saa mbili asubuhi: kila kijiwe cha bodaboda kina pampu, na kila bodaboda wa pwani atakutilia upepo bure ukimsalimia vizuri. Ndani ya tairi, kati yake na tyubu, fundi wangu wa Ngamiani alitandika tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu. Baiskeli ikawa nzito kidogo. Pancha za mbigili zikapungua mpaka nikaanza kusahau zilipo viraka.

Nikiulizwa siku hizi na vijana wanaotaka kuanza njia hizi wanunue baiskeli gani, jibu langu ni swali: fundi wa Kigombe ana tairi lake?

*

Kuna kifaa kimoja ambacho sijakiona kwenye mikoba ya waendesha baiskeli wa kiume, nacho ni kanga. Nabeba moja siku zote, doti imekatwa. Naiweka kichwani chini ya helmeti jua likiwaka. Nikipata kisima nailowesha naitupa shingoni, na baridi yake inadumu mpaka kijiji kinachofuata. Naitandika nikila mihogo. Nafutia cheni ikibidi, ingawa roho inaniuma. Siku moja nje ya Boza, kanyagio la mpwa wangu lilivunjika, nikafunga ncha moja ya kanga kwenye usukani wake na nyingine chini ya kiti changu, nikamvuta kilomita nzima. Kanga ile ilikuwa na jina linalohusu majirani wenye chuki, na watoto wa barabarani walilisoma kwa sauti tulipopita.

Lakini kazi kubwa ya kanga si hiyo.

Mpwa wangu huyohuyo, kijana wa miaka kumi na tisa wakati huo, tulikuwa naye Agosti moja kati ya vijiji vya baada ya Tongoni. Ametangulia mbele mita mia, vipuli vya muziki masikioni. Nikaona watu wanatokea kwenye njia ya minazi, wengi, kanzu na kofia, na juu ya mabega yao jeneza limefunikwa shuka la kijani. Wanapokezana haraka haraka kama kawaida, huyu anaingia chini, yule anatoka. Nilishuka, nikalaza baiskeli majanini, nikajifunika kanga, nikasimama. Yeye hakusikia wala hakuona, au aliona akadhani ni mkutano. Akapiga kengele. Akapita katikati, kati ya jeneza na watu wa nyuma.

Hakuna aliyemgombeza. Hicho ndicho kilichonitia hofu. Walipita mbele yangu kimya, wawili watatu wakaniitikia kwa kichwa.

Tulipofika kijiji cha mbele, dakika ishirini baadaye, tukaomba maji kwenye duka. Mwenye duka, mama mtu mzima, akamtazama mpwa wangu, akauliza kwa upole kabisa: "Wewe ndiye uliyempita marehemu?" Dakika ishirini, na habari zilishatangulia, mpaka leo sijui zilipanda kitu gani. Maji alitupa. Lakini hakutuuliza tunatoka wapi wala tunakwenda wapi, na pwani mtu asipokuuliza hayo ujue umeshahesabiwa.

Nikamwambia mpwa wangu, turudi. Alilalamika, upepo, jua. Turudi. Tulifika msibani wamekwisha kuzika, wamekaa kwenye mikeka. Kijana akavua viatu, akaenda kwa mzee aliyeonyeshwa kuwa ndiye mfiwa, akapiga magoti. "Shikamoo babu. Mimi ndiye niliyepita. Sikujua. Naomba radhi, na poleni sana." Mzee akamshika kichwa kwa kiganja, akakaa naye hivyo muda, halafu akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Kaeni mle." Tukakaa, yeye upande wa wanaume, mimi kwa wanawake, tukala wali na maharage. Pangani hatukufika siku ile pia.

Tangu hapo yule kijana akiwa njiani hana kitu masikioni. Na nikipita kijiji kile, hata peke yangu, kuna anayeniita kutoka kibarazani: "Mama wa baiskeli, leo mmoja tu?"

*

Tongoni yenyewe nenda, ni mchepuko mfupi kuelekea baharini na una kivuli. Magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo. Mengine zamani yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka mbali. Ulikuwa mji unaoitwa Mtangata, na mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma moto hapo karibu moja ya meli zake, São Rafael, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi mno hata hawakutosha kuendesha meli tatu. Nilipokuwa nimeketi pale na mapaja yangu yamekaza kwa kukosa chumvi, nilimwelewa vizuri.

Chumvi, ndiyo. Maji peke yake hayatoshi kwenye joto hili. Mimi nachanganya maji, ndimu, sukari na chumvi ya kutosha kuonekana ulimini, na nikifika penye madafu nakunywa dafu nikalila na nyama yake. Wachuuzi wanakula mihogo ya kuchemsha na papa mkavu kabla ya kuondoka. Papa ni chumvi tupu. Hawajasoma popote.

Kinachochosha zaidi kwa macho ni mkonge. Ukikatiza ndani, kutoka Muheza kuteremkia Pangani, utapita kwenye mashamba ambayo mistari yake inakwenda mpaka inakutana na mbingu, na hakuna jani hata moja linaloweza kukupa kivuli. Mmea huu si wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, na ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yalitoka mashamba yote ninayoyalaani kila ninapopita saa tano mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Leo kuna mashamba yamejaa vichaka, na mengine yanafufuliwa. Ncha ya jani lake ni sindano nyeusi. Usiegemeze baiskeli kwenye mkonge.

Mzunguko huo wa Tanga, Muheza, Pangani na kurudi Tanga unazidi kidogo kilomita 120, na nimeumaliza mara mbili tu. Kipande cha Tanga hadi Muheza sikipendi. Kina lami nzuri, kweli, na Muheza kuna machungwa, lakini ni barabara kuu: malori ya saruji kutoka Pongwe, mabasi ya mikoani yanayoshindana, na bega la barabara lililoliwa pembeni kama mkate. Dereva mmoja wa basi alinipigia honi akiwa tayari ubavuni, nikaingia mtaroni nikachubuka kiwiko na goti. Abiria walitoa vichwa madirishani kunipa pole, basi halikusimama. Tangu hapo nikitaka mzunguko huo natoka saa kumi na nusu alfajiri, nimevaa kizibao cha njano cha wajenzi, na nikisikia lori nyuma na mbele kwa wakati mmoja nashuka kabisa. Sikimbizani na chuma.

Upande wa Pangani mambo yamebadilika tangu lami ilipoanza kumwagwa. Miaka ile ya ujenzi ilikuwa mibaya kuliko changarawe ya zamani, kifusi na michepuko, kokoto kubwa kama mayai. Sasa palipo na lami panateleza kama siagi, ila magari nayo yamejua hivyo. Zamani dereva aliogopa mashimo, na hofu yake ilikuwa usalama wangu.

Ukifika Pangani na bado una nguvu, vuka mto kwa pantoni uende Bweni, na kutoka hapo Ushongo. Mara ya mwisho nilipovuka, nguzo za daraja jipya zilikuwa zinaota mtoni, na abiria wote wa pantoni wamegeuka upande mmoja kuzitazama. Ng'ambo njia ina mchanga. Punguza upepo wa tairi mpaka kidole gumba kizame kidogo, teremsha gia, usikate kona. Au subiri maji yapwe upite ufukweni, mchanga uliolowa ni mgumu kama sakafu. Wakati wa bamvua bahari inarudi nyuma sana unapata barabara pana kuliko ya serikali. Mtu akikuambia uendelee tu kusini mpaka Bagamoyo kwa baiskeli, muulize atakupitisha wapi Saadani. Ile ni hifadhi ya taifa, ina tembo na simba, na simba hajui kwamba wewe uko mazoezini.

Baada ya ufukweni osha baiskeli kwa maji baridi jioni ileile. Nilichelewa siku mbili tu mara moja, cheni ikawa nyekundu kama imepakwa hina. Na usipake oili chafu ya gari kama wanavyofanya wengi, inakusanya mchanga na kuwa msasa unaotembea. Mafuta ya cherehani, matone machache, futa yanayozidi. Hapo kanga tena.

*

Mwezi wa Aprili uliopita nilikwenda Kigombe kulala kwa shangazi ili asubuhi nirudi mjini pamoja na wachuuzi. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo miaka. Saa tisa za usiku walikuwa sita chini ya mwembe, tochi midomoni, wanafunga matenga. Tenga lililojaa likikaa kwenye keria, gurudumu la mbele linataka kuinuka kama farasi. Wanaweka jiwe kwenye kikapu cha mbele kulituliza. Yule mzee wangu amezeeka, sasa anabeba kilo ishirini tu, zilizobaki anabeba mwanawe.

Ilikuwa tangambili, kaskazi ameshaondoka na kusi hajafika. Mchana uliotangulia upepo ulikuwa umevuma kutoka pande tatu. Nikamuuliza mzee leo itakuwaje. Akachota mchanga, akauachia taratibu kwenye mwanga wa tochi. Mchanga ukaanguka wima, juu ya vidole vyake vya miguu.

"Leo hamna mtu," akasema. "Leo ni miguu yako."

Tukatoka mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho, sina mzigo, nafuata taa ndogo sita na harufu ya pweza. Nilidumu nao mpaka karibu na Tongoni. Baada ya hapo nikawa naziona taa tatu, halafu moja, halafu nikawa nasikia cheni tu.